Seva Mbili, Mimbari Moja

Jumatatu, 3 Machi

Itangazwe Kitui yote na Makueni yote, ng'ambo hii ya mto Athi na ng'ambo ile, kwamba leo saa nne kasoro dakika kumi kikombe changu cha bluu kilinywewa chai na mtu asiye mimi. Bendera zishushwe nusu mlingoti. Watoto watolewe shule mapema.

Mtu mwenyewe ni Kyalo. Miaka ishirini na saba, digrii ya kompyuta, viatu vyeupe katika vumbi la Tulia. Kwao ni Kathonzweni. Hii ni wiki yake ya pili tangu muungano wetu wa maji umwajiri. Alipoona namtazama alikiosha kikombe, akakikausha, akanirudishia kwa mikono miwili. "Pole, Anti."

Anti. Sina ndugu Kathonzweni. Nina miaka hamsini na moja, na kwa karatasi mimi ni karani. Kwa kweli mimi ndiye maji.

Sitii chumvi. Kila nyumba ina kadi. Unaigusisha kwa mfereji wa kioski, mfereji unauliza seva iliyo hapa ofisini Tulia: kadi hii ina mitungi mingapi? Seva ikijibu, maji yanatoka. Seva ikinyamaza, mfereji nao unanyamaza, hata tanki likiwa limejaa mpaka linamwagika. Ndiyo maana kuna seva ya pili, Kathonzweni, inayonakili kila kitu kinachoandikwa kwenye ya kwanza. Ya Tulia ikizima, lazima mtu aiambie ya Kathonzweni: sasa wewe ndiwe mkubwa. Huyo mtu, miaka sita sasa, ni mimi, Mumbua. Laptopu, paswadi, amri tatu. Dakika mbili.

Isipokuwa Jumapili moja ya Januari. Seva ilizima wakati wa wimbo wa kwanza, na mimi kanisani huzima simu. Mahubiri yalikuwa marefu. Watu walikalia mitungi mitupu kutoka Tulia mpaka Emali kwa saa tatu. Jumatatu yake kamati ikaanza kusema "tunahitaji kijana".

Jumanne, 4 Machi

Kijana ameandika pendekezo. Kurasa nne na mchoro wa rangi. Anataka seva zibadilishane uongozi zenyewe. Ya Kathonzweni iwe inaiuliza ya Tulia kila sekunde tano: uko? Ikikosa jibu kwa nusu dakika, inachukua uongozi. Hakuna laptopu. Hakuna paswadi. Hakuna Mumbua.

Nimelisoma mara tatu nikitafuta makosa ya kuandika. Sikupata hata moja. Ubaya wa watu wengine.

Mimi mambo haya niliyasoma kwa kitabu alichoacha injinia wa kwanza alipopata kazi Nairobi. Hakina jalada wala kurasa thelathini za mwanzo. Nilianzia ukurasa wa thelathini na moja, kamusi kando, nikiwa karani wa kupiga chapa barua za kamati. Mpaka leo sijui kurasa zile zilisema nini. Labda ndipo walipoandika jinsi ya kutoona wivu.

Haya, nimeliandika neno lenyewe. Namwonea wivu. Naonea wivu mchoro wake, vidole vyake visivyotazama herufi, na vile mwenyekiti akimwita anasema "Bwana Kyalo" na akiniita mimi anapiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Kyalo alininunulia chapati na ndengu kwa hoteli iliyo mkabala na ofisi. Adabu anayo. Inaudhi.

Aliniuliza habari za kanisa nikajikuta naongea. Kwetu mchungaji ana makanisa matatu na pikipiki moja. Akichelewa, mzee wa zamu hungoja mpaka mwisho wa wimbo wa pili, kisha anapanda mimbarini na kuongoza ibada. Na mchungaji akifika katikati hapandi. Huketi benchi la nyuma karibu na mlango, kimya kama mshirika mwingine, mpaka mzee amalize. Haijalishi ni mchungaji wa ukubwa gani. Benchi ni benchi.

Halafu nikamwambia juu ya ule mwaka tuliopata mchungaji mgeni ambaye hakuijua desturi. Kanisa lilikuwa limejaa, watu wengine wako nje kwa hema. Mzee anahubiri ndani. Mchungaji anafika, anaona watu wa hema hawana mhubiri, anaanza na wao. Ibada mbili, ukuta mmoja katikati. Kwenye matangazo mzee alisema mazishi ya jirani yetu ni Jumatano. Mchungaji alisema ni Alhamisi. Marehemu alizikwa Jumatano. Alhamisi nusu ya kanisa ikafika kwa wafiwa na sufuria za muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa.

Kyalo alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Nilifurahi kumchekesha. Hilo ndilo kosa langu.

Ijumaa, 7 Machi

Kamati. Watu kumi na mmoja, viti tisa.

Kyalo alisimama. Mchoro ukabandikwa ukutani. Wazee wakautazama kama wanavyotazama eksirei ya mtu mwingine. Nikasema moyoni, hapa atakwama. Akauacha mchoro. Akasema, "Wazee wangu, mchungaji akichelewa kanisani, nani anaanza ibada?"

Hadithi yangu. Wimbo wangu wa pili, mzee wangu wa zamu. Aliisimulia vizuri kuliko mimi, akichovya Kikamba mahali panapotakiwa. Mzee Nzioka, mwenyekiti, alijipiga goti. Kamati nzima ilielewa kwa dakika tatu kitu ambacho mimi nimewaeleza kwa miaka sita wakasinzia.

Lakini aliishia mzee anapopanda mimbarini. Hema aliliacha. Benchi aliliacha.

Na hapo ndipo nilipoona. Seva ya Tulia ikinyamaza si lazima iwe imekufa. Labda ni kebo ya katikati iliyokatika. Kathonzweni itauliza "uko?", haitasikia kitu, itapanda mimbarini. Na Tulia, nzima kabisa, itaendelea kuhubiri kwa hema lake. Seva mbili, kila moja inajiita mkubwa, kila moja inaandika mambo yake. Hakuna mahali kwenye kurasa zile nne palipoandikwa nani ataiambia nyingine ikae.

Mzee Nzioka akanigeukia. "Mama Mumbua, wewe ndiye umelea hivi vitu. Kuna shida yoyote?"

Nikasema, "Mimi sina shida."

Na kweli sina. Shida itakuwa ya mifereji.

Wakapitisha. Majaribio ya mwezi mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu anauliza nina nini. Nimemwambia kunde zimeingiwa na wadudu.

Jumatatu, 10 Machi

Sherehe. Mzee Nzioka alikuja na tai ili achomoe waya wa seva ya Tulia kwa mkono wake mwenyewe. Akachomoa. Tukangoja. Kyalo anahesabu sekunde kwa sauti. Kabla hajafika arobaini, mhudumu wa kioski cha Kathonzweni akapiga simu kwamba maji yanatoka. Mama Syombua wa kioski cha hapa Tulia akapiga kelele dirishani: yanatoka huku pia. Soda ikafunguliwa.

Nilipiga makofi. Nilipiga kwa bidii, mtu yeyote aliyeniangalia angesema huyu mama ana moyo mzuri.

Kuchomoa waya ni kifo cha kweli. Kifo cha kweli ni rahisi. Hawakujaribu kimya.

Alhamisi, 13 Machi

Mwanakandarasi analima barabara ya kwenda mtoni. Greda lake linapita kando kabisa ya mahali kebo yetu ilipozikwa. Kebo ilizikwa kina cha jembe moja, najua kwa sababu nilikuwepo nikipika chakula cha vibarua.

Kila asubuhi namsalimia dereva. Sijamwambia kuhusu kebo. Zamani ningemwambia. Zamani nilikuwa nashikilia kijibendera chekundu mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Mahubiri: Sauli na Daudi. Wanawake walipoimba Daudi ameua makumi elfu, na mkuki ukashikwa. Mchungaji alikuwa anatazama upande wangu. Au ni vile nilikaa karibu na dirisha.

Sauli hakuwa na databesi. Angekuwa nayo asingehitaji mkuki. Angekaa tu kimya kwenye kamati.

Jumanne, 18 Machi

Imetokea.

Saa nne na dakika tano kebo ilikatika. Sikusikia kitu. Kyalo alikuwa Kathonzweni tangu jana, akibadilisha betri za huko. Mimi peke yangu ofisini. Nikaona kwenye laptopu mstari wa kati umekufa. Nikafungua intaneti ya simu, nikaingia upande wa pili saa nne na dakika saba. Kathonzweni: mimi ndiye mkubwa. Nikatazama Tulia, hapa mezani, taa zinawaka vizuri: mimi ndiye mkubwa.

Nilikuwa sawa kwa kila kitu. Sijawahi kuwa sawa namna hiyo maishani. Nilijihisi kama mtu aliyepata barua ya sifa.

Dawa yake naijua. Unaiketisha ya Tulia, inaacha kujibu, mifereji ya huku inaelekea Kathonzweni kwa laini yao ya simu. Amri moja. Sikuiandika. Nilichemsha maji ya chai. Nilitaka anipigie. Nilitaka aseme "Anti, nisaidie" na mimi niulize "kwani mchoro wako unasemaje?" Niliirudia sentensi hiyo mpaka ikawa na mdundo mzuri.

Hakupiga. Aliyepiga ni Mama Syombua. Kuna nyumba yenye msiba karibu na kioski chake. Mwana wao alijaza kadi mitungi sitini asubuhi hii akiwa Mombasa, ya kupikia wageni. Ujazo ulienda kwa mkubwa mpya, Kathonzweni. Mfereji wa Tulia ukauliza mkubwa wa zamani. Mkubwa wa zamani akasema sifuri. Wanawake wamesimama na sufuria, wanaambiwa kijana wao hakutuma kitu. Mama yake amesema mbele ya watu kwamba kijana huyo amekuwa hivyo tangu aende pwani.

Mama Syombua akauliza, "Sasa niwaambie nini?"

Niliweka kikombe chini. Nikaiandika amri. Nikakosea herufi mara mbili. Seva ya Tulia ikakaa. Baada ya dakika moja mfereji ukasema sitini.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika tatu. Dakika hamsini nilizitazama.

Mama alikuwa ameshasema alilosema. Hilo hakuna amri ya kulifuta.

Jumatano, 19 Machi

Kathonzweni. Lazima tuunganishe yaliyoandikwa pande mbili kwa zile dakika hamsini. Mstari kwa mstari, kwa mkono, mimi nasoma na yeye anaandika. Kadi hii ilichota kule, hii ilijazwa huku. Databesi haina mshono wa kuunganisha hadithi mbili. Ni sisi.

Kyalo hajavaa viatu vyeupe leo. Hajalala, macho ni mekundu. Alisema tangu mstari ukatike alikuwa juu ya paa la ofisi akikaza antena. Alidhani shida ni yake ya huko. Simu aliiacha chini mezani. Aliposhuka nilikuwa nimeshamaliza.

Kwa hiyo hakuwa ameniringia. Hakujua tu. Nilingoja simu ya mtu aliye juu ya paa.

Alhamisi, 20 Machi

Tulimaliza saa sita. Mwisho ilibaki kupitia kumbukumbu za seva, zile inazojiandikia kila anapoingia mtu. Nilikuwa nimezisahau. Mimi, wa ukurasa wa thelathini na moja.

Alikuwa anapitisha kidole kwenye kioo. Kidole kikasimama.

"Anti, hapa panasema uliingia saa nne na dakika saba."

"Niliingia."

"Ukaona."

"Niliona."

Nje punda alikuwa anapakuliwa mitungi. Nikamwambia yote, kwa sababu hakuniuliza. Kwamba nilijua tangu siku ya kamati. Alitaka kujua nilijuaje. Nikamwambia: uliiba hadithi ukaacha benchi.

Nilidhani atakasirika. Alifikiri kidogo, midomo ikisema maneno pole pole. Hema. Benchi. Kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso, akacheka kile kicheko chake cha chai puani.

"Na ilikuwa pale pale," alisema. "Ulinipatia kila kitu."

Halafu akasema jambo hilo hataliandika kwa ripoti. Kosa ni la aliyechora, akasema, si la aliyetazama.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilishukuru. Wivu ulizidi. Digrii anayo, miaka anayo, na sasa hata uungwana amenipita. Ameniachia nini? Kikombe.

Ijumaa, 21 Machi

Nilienda kwa ile nyumba ya msiba na kilo mbili za sukari. Nikamwambia mama kosa lilikuwa la mashine, kijana alijaza kweli. Alisema amesikia. Alisema kijana hapokei simu yake.

Sikumwambia mashine gani.

Jumatatu, 24 Machi

Kamati tena.

Kyalo alisimama bila mchoro. Akasema kosa ni lake. Alisahau kwamba kimya si kifo, na kwamba Mama Mumbua alilijua jambo hilo kabla yake. Hakusema kabla kwa siku ngapi.

Kisha akaeleza dawa. Seva mbili peke yake haziwezi kuamua, kwa sababu kila moja inasikia kimya cha mwenzake na haijui nani amepotea. Inahitajika ya tatu. Ndogo tu, haihifadhi kitu, kazi yake ni ushahidi. Itawekwa kioski cha Emali karibu na stesheni ya reli, kwa laini yake yenyewe. Ni kama yule mhudumu wa mlangoni kanisani, akasema: anaona ndani na anaona hema. Kathonzweni ikitaka kupanda mimbarini, iulize Emali kwanza. Na Tulia ikiona haisikii Kathonzweni wala Emali, ikae benchi yenyewe. Isingoje kuambiwa.

Mhudumu wa mlangoni sikuwa nimemwambia. Huyo alimfikiria mwenyewe. Ni mzuri. Iliniuma kama jiwe kwa kiatu.

Akamaliza: yote haya yafanyike yenyewe, kwa sekunde arobaini.

Hapo nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nikasema mashine imetuaibisha mara moja, nyumba yenye msiba. Nikasema iulize mtu kwanza. Ushahidi wa Emali sawa, benchi sawa, lakini kabla Kathonzweni haijapanda, itume ujumbe kwa simu ya mtu anayejua, na ingoje dakika kumi. Akisema ndiyo, ipande. Akisema hapana, ingoje. Asipojibu, basi Emali iamue. Mtu huyo akiwa na simu iliyochajiwa, dakika kumi hazitafika hata mbili.

Maneno mazuri. Mengine ni ya kweli. Kuna watu wakubwa huko duniani wanaochagua hivyo hivyo, mkono kwanza, mashine baadaye, na wana sababu zao. Sababu yangu mimi naijua na siiandiki mara ya pili.

Mzee Nzioka akauliza mtu huyo ni nani. Kamati nzima ilinitazama. Miaka sita nilingoja kutazamwa hivyo.

Kyalo aliuliza swali moja tu, kwa upole. "Na Anti asipopatikana kwa simu?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kama Jumapili ile." Wakacheka. Nikangoja wamalize. Nikasema tangu siku hiyo simu iko kiunoni, inatetemeka hata nikiwa naomba.

"Amelinda maji haya miaka sita," Mzee Nzioka akasema. "Apewe dakika zake kumi."

Mikono ikainuka. Wa Kyalo ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka.

Nimeshinda.

Jumanne, 25 Machi

Nimenunua kifuko cha simu cha ngozi, cha mshipi. Mume wangu anasema nafanana na askari wa benki.

Jumatatu, 31 Machi

Kyalo amerudi kutoka Emali. Ile ya tatu imefungwa kwenye kisanduku cha chuma ndani ya kioski. Ni ndogo kuliko Biblia. Tulijaribu. Tulichomoa waya, ujumbe ukaingia kwangu: TULIA IMENYAMAZA. KATHONZWENI ICHUKUE? Nikaandika NDIYO. Sekunde kumi na nane tangu uingie, Kyalo alihesabu. Tukakata kebo ya katikati kwa makusudi. Tulia haikukaa, kwa sababu bado inamsikia shahidi wa Emali. Tukaikatia na Emali. Ikakaa benchi yenyewe. Haikubishana.

Nilisikia wivu kidogo hapo pia. Kwa seva. Kukaa chini bila kubishana.

Kyalo akaniuliza kama nataka kitabu chake kipya, kina kurasa zote. Nimesema nitafikiria. Kiko hapa mezani. Sijakifungua. Nimeangalia tu ukurasa wa kwanza. Ni shukrani kwa mke wa mwandishi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Naenda na simu shambani, jikoni, chooni. Hakuna ujumbe. Kila ikitetemeka ni kikundi cha akina mama.

Jumatano, 9 Aprili

Siku yangu ya mapumziko. Mvua ilikuja na upepo asubuhi, ikaisha. Nilikuwa shambani, nyuma ya kilima, napalilia ndengu. Simu kiunoni, chaji kamili. Udongo mzuri leo, magugu yanang'oka na mizizi yote.

Nilirudi nyumbani mchana, nikaoga, simu ikatetemeka kitini nikadhani ni kikundi cha akina mama, nikala viazi vya jana. Jioni nikapita Tulia kununua chumvi. Mama Syombua alikuwa anafunga kioski. Akasema asubuhi mifereji ilikataa kidogo, wanawake wakangoja na mitungi, ikarudi. Hakuona haja ya kunipigia.

Nikafungua ofisi, nikatazama kumbukumbu. Stima ilipotea Tulia saa tano kasoro dakika kumi na moja. Betri ya seva ilishika dakika moja. Saa tano kasoro kumi, Tulia ikanyamaza. Kathonzweni ikamuuliza Emali. Emali akasema ndiyo, imenyamaza. Kathonzweni ikanitumia ujumbe, ikangoja dakika zangu kumi. Sikujibu. Saa tano kamili ikachukua uongozi, maji yakatoka. Mchana stima iliporudi, Tulia ikaamka, ikaona mzee yuko mimbarini, ikakaa.

Kyalo alikuwa ameshapita huko juu mlimani, kwenye minara ya simu. Amenieleza kwa simu, bila kucheka. Mlimani kuna minara miwili. Ule wa laini za mifereji una jenereta. Ule wa laini yangu hauna. Unakula stima ile ile inayokula seva ya Tulia.

Ujumbe wa kuniomba ruhusa uliingia saa nane na robo.